Sauti ya Tanzia

Mimi ni Jeilani bin Athman bin Shee. Babu yangu Shee alishika funguo za msikiti wa mtaa wetu wa Langoni, hapa Amu, mnapopaita Lamu, kwa miaka arubaini, na haukupotea hata mkeka mmoja. Baba yangu Athman alikuwa karani wa kadhi. Nyumba mbili zilizogombana hadi kuzibiana ndia zilikubali kukaa chumba kimoja, mradi kalamu imo mkononi mwake. Mimi nimefundisha shule kwa miaka thelathini na sita, Faza na hapa Amu. Na kwa miaka ishirini na saba ndimi nitangazaye tanzia katika kipaza sauti cha msikiti wetu. Mtu akifariki, kabla hajakoshwa, jina lake hupita mdomoni mwangu.

Sitaji haya kwa kujigamba. Nayataja ili msomaji ajue ni kitu gani kilichouzwa.

Kisa hiki ni cha mjukuu wangu Hussam, mtoto wa pekee wa marehemu mwanangu Husni. Alikuwa ameajiriwa Nairobi na kampuni kubwa ya kompyuta, ya kujulikana dunia nzima. Kazi yake ilikuwa kuzifundisha mashine kusikia na kusema Kiswahili. Miaka miwili iliyopita alikuja nyumbani na mkubwa wake, Bi Jeruto, kukusanya sauti za watu wa visiwani. Nilikaa ukumbini siku tatu nikiisomea mashine daftari langu la tanzia, miaka yote, jina baada ya jina. Bi Jeruto aliniachia barua yenye saini yake kwamba sauti yangu ni ya kufundishia lugha, wala haitatumika kwa jambo jingine. Aliniambia: "Mwalimu, likitokea lolote, nipigie mimi mwenyewe."

Kisha ikaja kampuni nyingine na mshahara maradufu. Hussam alisitasita. Aliyemsukuma ni mimi. Nakiri hilo leo, kwa sababu ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote. Sahibu yangu Bwana Bakr, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, hakuwa akimaliza kikombe cha kahawa barazani bila kumtaja mpwa wake Taha, anayefanya kazi katika bandari mpya upande wa Kililana, na ghorofa aliyoiezeka Taha, na vigae vya ghorofa hiyo. Nilimwambia Hussam: "Mwanamume hakai palipo padogo kwa ajili ya mazoea." Akaacha kazi. Sikuuliza kampuni mpya yafanya biashara gani. Niliuliza mshahara tu, nikaenda nao barazani.

Jumanne iliyopita akanipigia simu Mwalimu Patroba, mtu wa bara tuliyefundisha naye Faza, akaniuliza: "Mwalimu, hii kazi mpya umeianza lini?"

Nilimjibu kwamba mimi sina kazi, nina uzee.

"Basi sikiliza," akasema Patroba. "Nimepigiwa simu sasa hivi na nambari nisiyoijua. Nimeirekodi. Usinikasirikie, mwenzangu, mimi ni mleta habari tu."

Akaisogeza simu moja kwenye nyingine. Ikatoka sauti. Sauti nzito, ya taratibu, yenye kituo baada ya kila jina.

"Enyi watu wa Amu, na Pate, na Faza. Inatangazwa. Leo kuna mechi kumi na mbili. Weka shilingi ishirini tu. Aliye mbali na asogee, aliye karibu asikose."

Maneno hayo ya mwisho ni yangu. Ndiyo ninayofungia tanzia. Niliyapanga mwenyewe mwaka nilipokabidhiwa kipaza sauti, ili watu waje kuswalia maiti.

"Mwalimu? Upo?" akauliza Patroba.

"Nipo."

"Mimi si Mwislamu, lakini nimekusikia ukitangaza wafu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nilipoyasikia haya nilivua kofia, nikangoja jina la maiti. Nikaambiwa niweke ishirini. Nimetema mate, Mwalimu. Haki ya Mungu, nimetema mate."

Nilikata simu nikapanda ngazi.

Hussam alikuwa juu, katika chumba cha marehemu baba yake, na kompyuta yake mapajani. Kampuni mpya humruhusu kufanya kazi akiwa nyumbani. Jambo hilo pia nilikuwa nimejisifia.

"Kampuni yako yauza nini?" nikamuuliza.

"Burudani, Babu."

"Burudani gani?"

Akaitazama kompyuta. "Ubashiri wa michezo."

"Kamari."

"Siku hizi haiitwi hivyo, Babu. Ina leseni ya serikali."

"Sikuuliza leseni. Nguruwe naye hupimwa na bwana afya. Kwa nini sauti yangu yaita watu kwenye kamari?"

"Si sauti yako hasa. Ni mashine iliyojifunza kutoka kwako. Wewe hukusema maneno hayo."

"Na mashine hiyo ni mtoto wa nani? Imesoma kwa nani?"

Akafungua mkoba, akatoa karatasi. Zilikuwa sita, zimebanwa pamoja. "Babu, ulitia saini. Tazama."

Nikatazama. Ilikuwa saini yangu, na mkia wake ule ule niliokuwa nikiutia katika ripoti za wanafunzi.

Hapa sina budi kusema kweli yote. Siku alipoziweka karatasi zile za kampuni mpya mbele yangu, miwani yangu ilikuwa imevunjika mkono, iko Malindi kwa fundi. Bila miwani, maandishi madogo kwangu ni kama mchanga. Ningesema, "Mjukuu wangu, sioni, nisomee." Sikusema. Mwalimu wa miaka thelathini na sita asomewe karatasi? Ukurasa wa kwanza ulikuwa na herufi kubwa. Nikausoma, nikaona makosa mawili ya Kiingereza, nikaomba kalamu nyekundu nikayasahihisha, Hussam akacheka, nikacheka. Kisha nikafungua ukurasa wa sita nikatia saini. Hizo nne za katikati sikuzigusa. Ndizo zilizoniuza.

"Ulijua kwamba sioni?" nikamuuliza.

"Nilidhani umesoma, Babu. Ulisahihisha."

Mpaka leo sijui kama ni kweli au uongo.

"Mpigie mkubwa wako," nikamwambia. "Hapa hapa. Nisikie."

Akampigia. Mkubwa huyo aitwa Ronald, na ukimsikia utadhani mmelelewa pamoja.

"Mzee wetu!" akapaza. "Sauti ya dhahabu! Pwani nzima inakuongelea! Tumejaribu waigizaji, tumejaribu watangazaji wa redio, hakuna anayeaminika kama wewe. Ukisema neno, watu wanasimama."

"Wanasimama kwa sababu wanadhani amekufa jamaa yao."

Akacheka. Naapa alicheka. "Hiyo ndiyo nguvu yake, Mzee!"

"Izime."

"Haiwezekani. Umesaini."

"Mjukuu wangu ataacha kazi yako leo."

"Aache tu. Ni kijana mzuri, tutamkosa. Lakini sauti itabaki, Mzee. Hiyo ni mali ya kampuni." Kisha akashusha sauti, kama mtu anayekuonea huruma. "Kama ni suala la fungu lako, sema. Tunaweza kukufikiria."

Nilimrudishia Hussam simu yake, nikaenda kuosha mkono ulioishika.

Siku ya pili, Jumatano, habari ilikuwa imeenea. Nilipita kwa kinyozi, na vijana wanaokaa pale kutwa wakanyanyuka kwa heshima ya uongo.

"Mwalimu, tutie dau kwa mwenyeji au mgeni?"

"Mwalimu, tip moja tu ya mechi ya leo! Tuko na njaa!"

"Nipishani ndia," nikasema.

"Enyi watu wa Amu!" mmoja akaniigiza, na kituo changu, na uzito wangu. "Inatangazwa! Aliye mbali na asogee!"

Wakaangua kicheko. Hata kinyozi, ambaye baba yake nilimtangaza mimi, alikuwa akicheka na wembe mkononi. Nilipofika nyumbani, mke wangu Bi Kulthum akaniuliza mbona nimerudi bila mkate. Sikukumbuka kwamba nilikwenda kununua mkate.

Nikadhani hiyo ndiyo aibu, na kwamba aibu huvumiliwa. Sikujua kinachokuja Alhamisi.

Asubuhi ya Alhamisi, baada ya sala ya Alfajiri, Bwana Bakr alinijia mlangoni. Mato yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Umulkheir ametutoka," akasema.

Bi Umulkheir ni dada yake, na ni mama yake Taha. Nikamshika mkono, tukasema yanayosemwa msibani.

"Maziko ni baada ya Adhuhuri," akasema. "Tangaza, Jeilani. Na ile ya simu uipeleke pia, imfikie Taha Kililana. Wakiingia kazini simu zao hufungiwa kabatini mpaka mapumziko ya saa nne. Akiifungua tu, aione. Mimi niende nikashughulikie sanda na kaburi."

Ni desturi yetu sasa. Nikimaliza kipaza sauti, hutangaza tena katika simu ya kamati, na sauti hiyo hupelekwa kwa watu wote, wa Amu, wa Mbwajumali, wa Mombasa, mpaka walio Uarabuni. Hakuna apigaye simu mtu mmoja mmoja. Tanzia ikitoka, kila mtu hujua kwamba mwenzake amejua.

Nikasimama mbele ya kipaza sauti, nikasema kama nilivyosema miaka ishirini na saba.

"Enyi watu wa Amu. Inatangazwa."

Kutoka uchochoroni nikasikia kicheko. Mtu akapiga ukelele: "Leo mechi ngapi?" Nikaendelea. Nikalitaja jina la Bi Umulkheir, na la baba yake, na saa ya maziko. Nilipofika kwenye "aliye mbali na asogee" nikajua watacheka tena. Nikayasema. Sikuwa na mengine.

Nikayarudia katika simu, ikapelekwa.

Msikiti wetu una safu tisa. Bi Umulkheir alikuwa mkunga wa nusu ya mtaa, na maiti yake ilistahili kujaza msikiti na kumwagika mpaka barabarani. Baada ya Adhuhuri nikageuka kutazama. Safu mbili, na ya pili haikutimia. Bwana Bakr aligeuka pia. Akanitazama mimi, hakuwatazama waliokosekana.

Taha hakuwamo.

Tulimngojea kidogo. Imamu akasema maiti haicheleweshwi. Tukamswalia, tukamchukua, tukamzika.

Taha alifika saa tisa, amevaa bado fulana ya kazini yenye rangi ya kung'aa, vumbi mpaka kwenye kope. Alipata habari kwa bahati tu, kwa mwendesha bodaboda aliyempa pole. Akavuka kutoka bara kwa boti ya kukodi. Alikuta udongo wa kaburi umekwisha kumwagiwa maji.

Alinikuta mimi na Bwana Bakr tumesimama mlangoni mwa nyumba ya msiba. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Mwalimu," akasema, "saa nne nilifungua simu. Nikaona ujumbe wa sauti, sikutazama umetoka nambari gani. Nikausikiza. 'Enyi watu wa Amu, inatangazwa.' Wenzangu wakacheka, wakasema, huyo mzee wenu wa kamari ameanza tena. Na mimi nikacheka, Mwalimu. Nikaufuta. Mamangu amekufa, nami nikacheka nikaufuta."

Akakaa chini pale pale kwenye kizingiti.

Bwana Bakr akanivuta kando. Tumejuana naye tangu chuo cha Kurani, tulipokuwa tukipigwa bakora moja.

"Nipe ufunguo wa chumba cha kipaza sauti," akasema.

"Bakr."

"Leo sikuelezi kama sahibu. Mtu akifa, watu hawana ila sauti ya kuwaambia. Sasa sauti haiaminiki. Kesho atakufa wa kwangu mwingine, au wa kwako, azikwe na nani?"

"Nipe nafasi niizime ile."

"Mpaka kesho, kabla ya sala ya Ijumaa. Ikiwa yasikika bado, ulete ufunguo mbele ya jamaa wote, na tanzia itasomwa na mtu mwingine." Akataka kuondoka, akarudi. "Ulikuja barazani kwangu kunivimbia kwa mshahara wa Hussam. Nilikuonea wivu, Jeilani. Wallahi nilikuonea wivu."

Nikarudi nyumbani. Hussam alikuwa amesikia, yu ukumbini na bibi yake, Bi Kulthum, aliyemlea. Uso wake ulikuwa kama jivu.

"Babu, nimeacha kazi. Nimewaandikia sasa hivi."

"Na sauti?"

"Inaendelea."

"Basi umeacha mshahara tu. Sijakuomba uache mshahara."

Akainama. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia. "Kuna ndia moja ya kuizima. Kwa haraka."

"Iseme."

"Zile sauti ulizomsomea Bi Jeruto... kampuni mpya haikuwa nazo. Karatasi uliyotia saini inawaruhusu kuitumia sauti yako, lakini hawakuja kukurekodi. Hujajiuliza, Babu? Hawakuja hata siku moja."

Ni kweli. Hawakuja. Na mimi, mwenye kujiona mwerevu, sikujiuliza.

"Walizitoa wapi?"

"Nilizibeba mimi. Nilipokuwa nikiondoka kule kwa kwanza. Zilikuwa mali yao, zimefungwa, nilikuwa na ruhusa ya kuzifungua kwa kazi tu. Nikazinakili. Ndizo zilizonipatia kazi mpya. Ronald hakuninunua mimi, alinunua nilichokuja nacho."

"Kuna neno la tendo hilo. Liseme."

"Babu..."

"Liseme kwa Kiswahili, lugha uliyolipwa kuifundisha."

"Niliiba."

Bi Kulthum akaweka mkono kifuani.

"Bi Jeruto akijua," Hussam akaendelea, "wale wa kwanza wana mawakili wa kuifunga kampuni ya Ronald mara moja. Sauti itazimwa, na kila iliyotengenezwa kwayo itafutwa. Lakini wataniuliza nani aliyezitoa. Na hilo ni jela, Babu. Nilitia saini kule pia. Mimi nilisoma kurasa zote."



Jana, Ijumaa, saa nne asubuhi, nilifungua sanduku la marehemu baba yangu, nikaitoa barua ya Bi Jeruto. Nambari yake iko chini, ameiandika kwa mkono. Bi Kulthum akasimama mbele yangu, naye katika miaka hamsini ya ndoa hajapata kunizuia jambo.

"Mwalimu," akasema, "huyo ni Husni. Husni hana kingine alichotuachia duniani."

"Najua."

"Utampeleka jela kwa ajili ya kipaza sauti?"

"Taha hakumzika mamake, Kulthum."

"Na kumfunga Hussam kutamfukua?"

Nilitazama mlangoni. Hussam alikuwa amesimama pale, amevaa kanzu tayari kwa msikiti. Hakuniomba nipige, wala hakuniomba nisipige. Nilimtafuta usoni yule kijana niliyemwambia asikae palipo padogo, nikamwona, na nikajiona mimi pembeni yake nikimsukuma.

Nikabonyeza nambari.

Ikaita mara tatu. Ikapokewa.

"Hallo?"

"Bi Jeruto," nikasema. "Ni mimi, Mwalimu Jeilani, wa Amu. Ulisema likitokea lolote nikupigie."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake, na hatua zake. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na mgeni.

"Mzee, samahani. Wiki hii nimepigiwa simu mara mbili na sauti hii hii, ikiniomba niweke shilingi ishirini. Kabla hujasema lolote, nithibitishie. Nitajuaje kwamba ni wewe?"

Enyi vijana, nilisimama na swali hilo sikioni, mke wangu amenishika mkono wa kanzu, mjukuu wangu yu mlangoni, na adhana ya Ijumaa ikikaribia. Sauti niliyoitunza miaka ishirini na saba haikuweza kunishuhudia mimi mwenyewe; ilibidi nimsomee barua yake, ndipo akaniamini, nikamwambia yote. Kwa hiyo leo siwaombi, nawaamrisha kama nilivyowaamrisha baba zenu darasani: mkiitwa kwenye mshahara mkubwa, ulizeni kwanza watu hao wauza nini, nanyi wawatakia nini. Nanyi wazee wenzangu mnaowasukuma, vaeni miwani. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, kwa wino, kwa kuwa mkono bado haujauzwa. Nisikilizeni.